Ulalo wa Wageni

Jumamosi, 11 Januari

Mwalimu Adinani anayetufundisha Uraia ametuagiza sisi tunaokatwa na mto tusifike shule tuandike shajara masika yote, ili mkono usisahau kalamu. Amesema hataki "nimeamka, nikaoga". Anataka tulichokiona na tulichokifikiri.

Leo nimeona mto Kasanda ukipanda juu ya kingo. Kila mwaka ni hivyo hivyo. Mbuga yote inajaa maji, Isenga yetu inakuwa kisiwa, Utimba ilipo shule inakuwa kisiwa, na Kwa Mabruki kule mto unakoteremkia nako ni kisiwa. Tukienda Tabora mjini wanatuita watu wa visiwani, na bahari yenyewe hatujawahi kuiona.

Mwaka jana mwezi wa pili mtumbwi wa gome ulipinduka na wanafunzi wanne. Watatu tulishika matete. Shamila, mjukuu wa Bibi Batuli, hakushika kitu. Tangu siku ile baba hataki nivuke kwa mtumbwi. Nilikosa masomo mpaka maji yalipopungua, nikafeli mtihani wa kidato cha pili, na sasa narudia. Baba amesema masika haya ndiyo ya mwisho. Serikali inatafuta mkopo wa nje wa kujenga daraja. Likija Isenga, naendelea na shule. Lisipokuja, nakwenda Ipuli kwa shangazi Doto nikajifunze cherehani. Shangazi ni mtu mzuri, lakini mshono wangu hupinda hata nikichora mstari kwanza.

Jumanne, 14 Januari

Mvua.

Jumamosi, 18 Januari

Mjomba Emilian alikuja leo kwa mtumbwi, suruali ameikunja hadi magotini. Ni kaka yake mama, na ndiye diwani wetu. Ni mtu mzima wa pekee anayeniuliza nasoma nini, kisha anakaa kusikiliza jibu.

Aliitisha mkutano mbele ya kanisa. Alisema benki ya nje imekubali kuikopesha serikali fedha za daraja moja kwanza, la kuunganisha Utimba na jirani yake mmoja. Watu wa benki watakuja wenyewe kuangalia. Sasa tunataka wavuke kwenye mtumbwi wa gome, walowe, wapoteze viatu? Heshima ya Isenga itakuwa wapi? Tuwajengee ulalo, daraja letu la miti, wapite wakavu.

Mzee Nurdini akanyoosha fimbo. "Diwani, samahani. Wakiona ulalo upo, si watauliza daraja la nini?"

"Mzee wangu," mjomba akasema, "wewe ulipokwenda kuposa, ulivaa suruali iliyochanika ili wakuonee huruma?"

"Nilivaa ya kuazima!"

"Ehee! Na mke ulipewa?"

"Nilipewa, na ya kuazima nikarudisha imechanika."

Watu walicheka mpaka Mzee Nurdini mwenyewe akaketi anafuta macho. Na mimi nilicheka. Nilifikiri: huyu ni mjomba wangu.

Jumatano, 22 Januari

Miti mirefu iliyonyooka haipatikani karibu. Baba amebomoa bani lake la kukaushia tumbaku, ametoa nguzo zote. Mama alimuuliza, "Na tumbaku ya mwezi ujao utaikaushia mgongoni kwako?" Baba akasema, "Bani nitajenga tena, Recheli hazaliwi tena." Sikujua niangalie wapi.

Jumamosi, 25 Januari

Msaragambo. Nyumba zote zimetoa mtu, na baba alipiga ngoma, maana kwetu kazi ya wote haiendi bila ngoma. Sisi wasichana tulibeba kamba za magome. Ulalo umekamilika saa za alasiri, juu sana ya maji, na una mkono wa kushikia. Haujawahi kujengwa mzuri hivi. Watoto walivuka na kurudi, kuvuka na kurudi, hadi wakafukuzwa.

Alhamisi, 30 Januari

Wageni wamekuja! Mama mmoja Mzungu mrefu, mwanamume mwenye kamera, na kijana mkalimani aliyetoka nao Dodoma. Yule mama alivuka ameshika mkono wa baba. Alipofika katikati alisimama, akaangalia maji chini yake, akasema neno.

"Anasema kazi nzuri sana," mkalimani akatuambia. Watu wakapiga vigelegele.

Tuliwaketisha kwenye viti vya kanisa. Asali ilikuwepo, kuku walikuwepo, na wali. Wakati sahani zinapangwa yule mama akaanza kuuliza. Masika tunaishije?

"Tunaishi vizuri, tunamshukuru Mungu," Mzee Nurdini akajibu. "Mvua ni baraka."

Akamgeukia Bibi Batuli aliyekaa karibu naye. Je, yeye mto unamsumbua?

Bibi Batuli alifunga vizuri mtandio wake, akasema, "Mwambieni ale kwanza, chakula kinapoa."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mgeni humwambii msiba wako kabla hajala. Anakula, ananawa, anapumzika, halafu ndipo unasogeza kigoda na kumweleza kilichokukuta. Bibi alikuwa anangoja hapo. Wote tulikuwa tunangoja hapo.

Lakini walipomaliza kula mjomba aliangalia mawingu, akasema mvua inakuja, gari liko ng'ambo, twendeni. Nilinyoosha mkono nipate kusema juu ya Shamila. Mjomba akanikabidhi mwavuli. "Recheli, mwanangu, msindikize mgeni asilowe."

Nikamsindikiza. Nilitembea karibu naye kabisa, maneno yote ya Kiingereza ninayoyajua yamekimbia. Ng'ambo alinishukuru, akapanda gari.

Hakukunyesha.

Ijumaa, 31 Januari

Nimekwenda shule kwa kupita juu ya ulalo, viatu vikavu. Mwalimu Adinani aliniuliza mbele ya darasa tofauti ya mkopo na msaada. Nilijibu kwamba msaada unapokea na kushukuru, mkopo unapokea na kulipa. "Nani analipa?" akauliza. Nikasema nchi. "Nchi ni nani?" Akajijibu mwenyewe, "Ni wewe, Recheli. Ni baba yako akiuza tumbaku."

Sawa tu. Tutalipa. Daraja litakuwa letu.

Jumapili, 9 Februari

Mto umechukua ulalo. Tulisikia miti ikivunjika wakati tuko kanisani. Mchungaji aliendelea kuhubiri, lakini hakuna aliyekuwa anamsikiliza.

Jumatano, 12 Februari

Niko nyumbani. Hesabu najifunza peke yangu, ukurasa kwa ukurasa. Majani ya tumbaku yamekomaa na bani hakuna. Baba ameyatundika jikoni, sebuleni, chini ya kitanda changu. Nguo zangu zinanuka ugoro.

Jumamosi, 15 Februari

Jana baba alivuka kwenda kuonana na mjomba. Amerudi na habari kwamba benki bado inafikiri, na wafadhili wa siku hizi wanapenda kuona nguvu za wananchi. Tukusanye mawe kando ya mto, tayari kwa msingi. Leo tumeanza. Mawe yanatoka kule kilimani, mbali. Baba alipiga ngoma, ila hakuimba. Nilidhani amechoka na safari.

Jumamosi, 22 Februari

Mawe.

Jumamosi, 1 Machi

Mawe. Bibi Batuli naye amekuja, ingawa wote walimwambia apumzike. Anabeba moja tu, dogo, kichwani, kama mtungi. Nilimwambia, "Shikamoo bibi, nipe nikusaidie."

"Marahaba. Beba lako. Hili ni la Shamila."

Jumamosi, 8 Machi

Mawe. Lundo sasa linanizidi urefu.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua imekatika siku kadhaa, mto umeshuka hadi magotini, nimerudi shule. Naandika yote kama yalivyo, kwa sababu Mwalimu alisema tuandike tulichokiona, ingawa natamani nisingesikia.

Najiat, rafiki yangu wa darasani, anatoka Kwa Mabruki. Naye alikuwa amekatwa na maji, tulikumbatiana kama tumetoka Ulaya. Wakati wa mapumziko tulikaa nyuma ya darasa tunakula karanga zake.

"Mwakani hatukosi tena shule," akasema. "Vyuma vinaletwa Juni."

"Vyuma vya nini?"

"Vya daraja, jamani! Wewe unaishi nchi gani?"

"Si bado wanafikiri?"

"Nani anafikiri? Wameshachagua. Wanakuja Mei kutia saini hapo Utimba." Akaniangalia. "Recheli, hukujua?"

Nikamuuliza daraja linakwenda wapi. Akaacha kutafuna.

"Kwetu," akasema. "Nyie si mna ulalo wenu? Yule mama alifika kwetu anausifia. Kwetu alivuka kwa miguu, maji hapa, kifuani. Kiatu kimoja kilikwenda na maji. Ulalo wetu wa zamani tuliung'oa wiki ile ile."

"Kwa nini mliung'oa?"

"Diwani alisema tuung'oe. Mjomba wako ndiye aliyetupanga, mimi nilidhani unajua! Alipanga hadi nani akae karibu na wageni. Akawaambia kina bibi, kama mna msiba usemeni mapema, kabla ya chakula, hawa hawakai. Bibi yangu alilia hadi akapitiliza, ikabidi afarijiwe." Akataka kucheka, akaacha. "Si na mjomba wako anajenga kwetu? Mashine ya kukoboa mpunga, kubwa, pale pale litakapoishia daraja."

Kengele ililia. Najiat alinishika mkono. "Usinichukie," akasema. Simchukii. Yeye naye hukatwa na mto. Yeye naye anataka kusoma.

Lakini siku nzima nilikuwa nasikia maneno hayo: kabla ya chakula. Mjomba amezaliwa huku. Alijua kwamba sisi tungengoja hadi wamalize kula. Alijua, ndiyo maana akaangalia mawingu.

Jumamosi, 22 Machi

Nilisema tumbo linauma. Sikubeba mawe. Nilisikia ngoma ya baba tangu asubuhi.

Jumatatu, 24 Machi

Nilipitia kwa mjomba baada ya shule. Alikuwa barazani kwake Utimba, anakata kucha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, msomi wangu. Kaa. Mnasoma nini siku hizi?"

Ndilo swali lake la siku zote, na karibu linishinde. Nikamwambia yote niliyoyasikia, bila kumtaja Najiat. Sikulia. Yeye aliendelea na kucha za mkono wa pili.

"Kwa Mabruki kuna watu wengi," akasema hatimaye. "Kuna mpunga. Hata bila mimi benki ingewachagua wao."

"Basi kwa nini tulijenga ulalo?"

Akakata ukucha mwingine.

"Baba alibomoa bani, mjomba."

"Sikiliza, Recheli. Hawa watu wana nchi nyingi za kupeleka pesa zao. Wakikuta kila kisiwa kinalia, wanasema tutafakari upya, wanapanda ndege, basi. Niliona hivyo nikiwa kijana. Nilitaka wakute mahali pamoja penye kilio, waamue. Wameamua. Daraja moja limepatikana. Ulitaka tukose wote?"

"Na mashine yako?"

"Na mashine yangu," akasema, wala hakuona aibu. "Diwani asile?"

Nikamuuliza kama mkopo huo na sisi wa Isenga tutaulipa. Akasema nchi nzima italipa, ndivyo mikopo ilivyo. Nikamuuliza kwa nini basi tunabeba mawe kila Jumamosi.

"Watu wenye kazi hawapigi kelele. Ikifika Mei, saini zikatiwa, nitakuja mwenyewe niwaeleze. Sasa hivi akitokea mtu wa kulalamika, benki ikasikia, kila kitu kinasimama. Na rafiki zako wa Kwa Mabruki nao watakosa. Unataka hilo?"

Nilimfikiria Najiat. Hata sasa ninapoandika sina jibu zuri.

"Wewe usiwe na wasiwasi," akasema kwa upole. "Utahamia hapa kwangu, chumba kipo. Utasoma masika na kiangazi. Nilishapatana na baba yako."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Baba anajua?"

"Tangu Februari. Alikuja hapa anataka kunipiga. Baadaye tukaelewana."

Nilirudi nimeshika viatu mkononi. Sikumbuki nilivuka mto saa ngapi.

Jumanne, 25 Machi

Sijamsemesha baba.

Jumatano, 26 Machi

Wala leo.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua imerudi, kubwa.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua imezuia msaragambo. Mama alikwenda kumtazama mgonjwa jirani. Baba alikuwa anachambua tumbaku, nusu yake imeoza, anatenga mbovu na nzima. Nikakaa nikamsaidia. Baada ya muda nikasema, "Baba, nimeongea na mjomba."

Mikono yake ilisimama, ikaendelea.

"Amekwambia kuhusu chumba?"

"Ameniambia."

"Basi vizuri."

"Mama anajua?"

"Mama yako ni dada yake. Akijua atakwenda kumtukana barabarani, na wewe chumba hupati." Akaniangalia. Macho yake yalikuwa mekundu, labda kwa tumbaku. "Nilifanya kwa ajili yako, Recheli. Mtu anapewa nafasi moja. Nimeikamata."

"Na wengine wanaobeba mawe?"

"Mawe hayaozi. Yatajenga hata zahanati."

"Na Bibi Batuli?"

Akasema, taratibu kabisa, kama mtu anayeeleza bei ya chumvi, "Bibi Batuli hana mtu wa kusoma tena."

Niliinuka nikatoka nje kwenye mvua. Baba yangu alibomoa bani lake kwa ajili yangu, na ni huyo huyo aliyesema maneno haya. Nimejaribu kuwaza kuwa ni watu wawili. Ni mmoja.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimefikiri wiki nzima. Nikisema, huenda benki ikasikia na Najiat akakosa daraja. Nikinyamaza, nitalala kwenye chumba cha mjomba, nitafaulu, na kila Jumamosi watu wa kwetu watabeba mawe ya kitu kisichokuwepo, na anayewapigia ngoma anajua.

Nimeamua sitasema lolote dhidi ya Kwa Mabruki. Nitasema tu kwamba daraja haliji hapa. Wakishajua, watakalofanya ni lao.

Jumamosi, 5 Aprili

Jua lilitoka. Watu walikuja wengi kuliko siku zote. Baba alipasha ngoma moto, akaanza. Mimi nilisimama kando ya lundo.

Bibi Batuli alifika na jiwe lake kichwani. "Mbona leo mikono mitupu? Tumbo tena?"

"Hapana, bibi." Nikalipokea jiwe, nikaliweka chini. "Daraja haliji kwetu. Linakwenda Kwa Mabruki. Lilishaamuliwa."

Sikusema kwa sauti kubwa, lakini waliokuwa karibu walisimama, kisha waliokuwa nyuma yao. Ngoma ililia kidogo peke yake halafu ikanyamaza.

"Nani kakwambia?" akauliza Mzee Nurdini.

"Mjomba Emilian mwenyewe."

"Tangu lini?"

Nilimwangalia baba. Wote wakamwangalia. Bibi Batuli akamwita kwa jina lake, kama anavyomwita tangu akiwa mtoto. "Marko. Mtoto anasema kweli?"

Baba alikuwa analegeza kamba za ngoma. Alilegeza moja, ya pili, ya tatu.

"Mimi niliuliza," Mzee Nurdini akasema. Hakuna aliyecheka. "Siku ile si niliuliza?"

Mama alikuwa ndio kwanza anatoka njiani na jiwe lake. Alisikia. Alilitua polepole, akajifunga khanga upya, akarudi nyumbani bila kumwangalia yeyote. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilipanga maneno kwa watu wote, nikamsahau yeye.

Bibi Batuli alikaa juu ya mawe. "Yule mgeni nilikuwa naye karibu hivi," akasema, anagusa pembeni yake kana kwamba kiti cha mgeni kiko pale. "Nilikuwa nimeshapanga la kumwambia. Nikasema ale kwanza."

Watu wakaanza kuondoka, mmoja mmoja. Wengine waliacha mawe njiani pale pale walipokuwa.

Jumapili, 6 Aprili

Mjomba ameshapata habari. Ametuma kijana kusema chumba kina mtu mwingine. Baba alisikiliza, akaniambia, "Umejifungia mlango mwenyewe." Mama hali mezani na baba. Nakwenda Ipuli Jumanne, maji yakiruhusu.

Alasiri Bibi Batuli alikuja. Alisema wazee wamekaa kwa Mzee Nurdini tangu asubuhi. Hawataki kuvunja daraja la Kwa Mabruki, ila watu wa benki wakija Utimba kutia saini, watu wa Isenga watakuwepo, wamevuka wenyewe, na nguo zao zimelowa. Na yeye safari hii hataki mkalimani. Alitaka nimfundishe kwa Kiingereza: "Mjukuu wangu alikufa kwenye mto huu."

Tulikaa jikoni chini ya tumbaku. Maneno yalimpa tabu, ulimi ulikataa, akacheka, akaanza tena. Nilimkatia vipande vidogo, kama Mwalimu Adinani anavyofanya nasi. Mwishowe aliisema yote bila kusimama, akaniangalia kuona kama ni sawa. Ilikuwa sawa.

"Utakuwepo siku hiyo?" akauliza.

"Nitakuwa Ipuli, bibi. Kwa shangazi. Cherehani."

Alikunja na kukunjua ncha ya mtandio.

"Basi nifundishe na la pili."

"Lipi?"

"Kwamba na wewe ulikuwa unasoma."

Nimemfundisha. Hilo amelishika upesi zaidi.